Shamba Linalobweka

Siku iliyotangulia harusi ya dada yangu Saurma, nilikuwa nimepiga magoti barazani nikimpima mbwa kifua kwa utepe wa kushonea. Mbwa alidhani ni mchezo. Kila nilipouzungusha utepe, aligeuka akautia mdomoni, na kila nilipouchomoa ulikuwa umelowa mate nami nimekwisha kukisahau kipimo.

"Mshike kichwa," nilimwambia Saurma.

"Mimi ni bibi harusi. Nimekatazwa kushika kitu chochote."

"Basi mwambie atulie. Anakusikia wewe tu."

Saurma akaliita jina lake, na mbwa akatulia mara moja, masikio yamesimama. Jina lake lilikuwa Horas, na hilo lilikuwa kosa la baba. Alipokuwa akirudi nyumbani kila jioni, baba alitoa salamu ya kwetu Wabatak mlangoni, "Horas!", salamu ya heri na uzima, na kile kitoto cha mbwa ambacho Saurma alikuwa akikinywesha maziwa kwa kijiko kikadhani kinaitwa. Tulipokuja kugundua, kilikuwa hakiitikii jina jingine. Tangu hapo kila mgeni aliyetusalimu kwa adabu alijikuta amerukiwa na mbwa.

Nguo niliyokuwa nikiishona ilikuwa na kazi ya kufanya. Kwetu mbwa hulinda nyumba, na mbwa vilevile huliwa. Mambo hayo mawili yameishi pamoja tangu kabla ya kanisa kufika, na kila kijiji kinajua mbwa yupi ni wa mlangoni na yupi ni wa sufuria. Taabu huja pale mbwa anapohamia mahali asipojulikana. Saurma alikuwa akiolewa nyanda za juu, upande wa Siborongborong, katika boma kubwa la ukoo wa mchumba wake, Jonggi. Jirani kabisa na boma hilo palikuwa na kilabu cha pombe ambacho mchuzi wake wa mbwa ulisifiwa mpaka kwetu Balige, kando ya ziwa. Mwenye kilabu, Baba Togar, alikuwa mume wa shangazi yake Jonggi.

"Wakimwona siku ya kwanza amevaa," Saurma aliniambia, "wakamwona anatembea mbele yangu na watu wote wanatazama, hakuna atakayekuja kusema hakujua ni wa nani."

"Na Jonggi je? Si amesema atamlinda?"

"Jonggi Jumatatu mpaka Ijumaa yuko kazini Tarutung. Atamlinda kwa simu?" Akamkuna mbwa nyuma ya sikio. "Lamria, mimi huyu nimemlea kwa kijiko. Akipotea hata siku moja nitazitazama sufuria za watu ambao natakiwa kuwaita baba na shangazi. Nitaishi vipi nao? Nitakuwa nalala jicho moja wazi maisha yangu yote."

Mjomba Parulian alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgeni akinywa kahawa. Ni kaka yake mama, na kwetu hakuna mtu anayeheshimiwa harusini kumpita mjomba. Naye alilijua hilo vizuri.

"Mpwa wangu msomi," aliniita. "Huko chuo kikuu, somo la kushonea mbwa mnafundishwa mwaka wa ngapi?"

"Wa tatu, Mjomba. Wa kwanza na wa pili tulishonea paka."

"Aha. Na ukoo wake ni upi? Harusini hakai mtu asiye na ukoo. Wakimuuliza mjomba wake ni nani, atajibu nini?"

"Atasema ni wewe," alisema Saurma.

Mama, aliyekuwa akifuma pembeni, alicheka mpaka uzi ukamtoka mkononi. Mjomba alikohoa ndani ya kikombe.

"Na fungu lake la nyama? Shingo ina wenyewe, taya lina wenyewe. Nielezeni mapema, nisije nikanyang'anywa taya langu na mbwa."

Nilimjibu kwa hotuba. Nilisema kiumbe anayeilinda familia usiku kucha ana haki ndani ya familia hiyo, na kwamba desturi isiyokubali kupanuka haina budi kupasuka. Niliyaamini maneno yangu yote, na hadi leo nayaamini. Mjomba alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima kubwa, kisha akamgeukia mama.

"Dada, huyu mtoto akiwa hakimu, sisi sote tutafungwa."

Nilikwenda kwa mama, nikamwomba kipande cha ulos, shuka analolifuma kwa nyuzi nyeusi, nyekundu na nyeupe, ambalo kwetu bibi na bwana harusi hawaozwi bila kufunikwa nalo. Nilikuwa nimeona kabatini shuka dogo alilolikosea mistari.

"Hapana," alisema, bila kuinua macho.

"Lile lenye kasoro tu, Mama."

"Kasoro ni ya mkono wangu. Shuka halina kasoro." Akagonga uzi mahali pake. "Sikiliza. Kila kitu kina njia yake. Shuka na samaki hushuka, vinatoka kwetu tuliozaa binti kwenda kwa wanaomwoa. Nyama hupanda, inatoka kwao kuja kwetu. Sasa huyu mbwa kakaa wapi kwenye hiyo ngazi? Nikimvika shuka nimemfanya mkwe wangu. Nitamwambia nini Jonggi?"

Hivyo nilichukua suruali nyeusi ya baba iliyochakaa magotini, iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mlango wa jiko, nikakata kizibao. Nikakizungushia ukanda mwekundu, nikakishonea vifungo vyeupe. Zilikuwa rangi zetu zilezile tatu, na mtu aliyemwona Horas kwa mbali angeapa kwamba amevikwa shuka. Jambo hilo lilinifurahisha. Ingekuwa heri kama lingenitia mashaka.

Baba alirudi jioni, akasalimu, akarukiwa. Alikitazama kizibao kwa muda mrefu.

"Bega la kushoto limembana," alisema, akaingia ndani.

Baba hakuwa msemaji, na wiki hizo alikuwa amezidi kunyamaza. Kwetu mzazi mwenye uwezo humpa binti anayeolewa shamba la mpunga, na shamba hilo huitwa pauseang. Upande wa mume hulilima na kula mavuno yake, lakini linabaki la binti, wala hakuna awezaye kuliuza bila neno la aliyelitoa. Baba alikuwa na shamba moja zuri chini ya mfereji. Liliuzwa nilipoingia chuo kikuu, Medan. Wazee wa akina Jonggi walipouliza kwa adabu, siku ya kuzungumza posa, kama binti atakuja na shamba, baba aliwajibu, "Nitasema siku ya harusi." Hakuna kati yetu aliyejua atasema nini, na nadhani yeye mwenyewe hakujua. Saurma hakuwahi kunitajia habari hiyo hata kwa mzaha.

Kesho yake tulipanda nyanda za juu asubuhi, na ndoa ikafungwa katika kanisa la kijiji cha Jonggi. Nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango, kamba ya Horas mkononi, naye akalala kizingitini kama mzee wa kanisa aliyechoka. Kutoka kanisani hadi bomani watu walijipanga pande zote za njia. Horas alitangulia mbele ya maharusi, mkia juu, vifungo vikimeta, mimi nikimfuata nusu hatua nyuma yake.

"Jamani, bwana harusi wa pili huyo!" alipaza sauti mama mmoja.

"Huyu wa pili ndiye mwenye nguo iliyomkaa!" alidakia mwingine.

Jonggi alicheka kuliko wote. Saurma, mwenye taji lililozunguka kipaji na shuka begani, alitembea taratibu akihakikisha kila mtu ameona. Mambo yote yalikwenda kama tulivyopanga, mpaka watu walipoanza kusalimiana.

Nilikuwa nimefikiria kamba, maji, kivuli na hata kitambaa cha kumfutia miguu. Jina lake sikulifikiria. Watu wa pande zote mbili walipokwisha kuketi mikekani, msemaji wa upande wa bwana harusi alisimama, akainua mikono na kuita, "Horas!" Mkutano mzima ukaitika, "Horas!" Kwetu huitwa mara tatu. Mara ya kwanza mbwa alimrukia msemaji, akiniburuta kwa kamba. Mara ya pili aliwaendea wapiga ngoma. Mara ya tatu hakujua aende wapi, akazunguka palepale akilia kwa furaha, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ndipo nyuma ya nyumba, jikoni, wapishi nao wakainua bilauri zao: "Horas!" Kamba ikanichomoka mkononi.

Nilianza kumfuata, lakini njia ilikuwa imejaa watu wenye sinia za wali, na hakuna adabu inayomruhusu binti wa upande wa bibi harusi kuwapiga kumbo. Nilipofika jikoni moshi ulikuwa mzito. Nyama ya nguruwe ya karamu ilikuwa ikikatwa mafungu juu ya majani ya migomba. Horas alikuwa ameketi chini ya nguzo, amefungwa kwa kamba mpya, mbele yake beseni la maji. Kizibao kilikuwa mwilini, kifungo kimoja hakipo.

Mtu mwembamba mwenye panga mkononi alinigeukia. Alipoona shuka nililovaa akajua nimetoka upande gani, akaliweka panga chini, akainamisha kichwa.

"Karibu sana, binti wa wakwe zetu. Mimi ni Baba Togar."

"Baba, huyo mbwa ni wetu."

"Tunajua ni wenu. Kwa nini unafikiri hatujamgusa?"

"Basi naomba nimchukue."

Wapishi wakatazamana. Baba Togar akajifuta mikono polepole.

"Binti, usituaibishe. Kitu cha wakwe kimefika jikoni kwetu, kimevikwa rangi za shuka, tena tumetoa salamu nacho kikaitika. Sasa kirudi? Watu si watasema tumekikataa?"

"Hakuletwa, Baba. Alikuja mwenyewe."

"Mbwa gani anayejileta mwenyewe jikoni kwa Baba Togar?" aliuliza mpishi mmoja, na wenzake wakaangua kicheko. Baba Togar hakucheka.

"Mimi kinachonisumbua ni kingine," alisema. "Wakwe huleta samaki. Tangu nizaliwe sijaona wakwe wakileta nyama. Nyama hutoka kwetu. Nikawaambia hawa, subirini. Ama wakwe zetu wamekosea, ama wana neno ambalo bado hawajalisema. Nikimpika, nimekula kitu kilichokuja kwa njia isiyo yake. Nikimrudisha, nimewatukana mbele ya watu. Nasikia wewe ni msomi. Nifanye nini?"

Hotuba yangu ya jana ilikuwa tayari ulimini, yote, na haikujibu swali lake. Nilimwomba asubiri kidogo zaidi. Akasema atasubiri hadi mafungu ya nyama yagawiwe, kwani baada ya hapo jiko hufungwa na kila kitu kilichoingia hapo lazima kiwe kimepata mwenyewe.

Nilirudi mikekani. Saurma aliniona kutoka mbali, mikono yangu mitupu, na rangi ya uso wake ikabadilika. Bibi harusi hawezi kuinuka. Alinitazama tu. Nilimnong'oneza baba, na kwa kuwa Mjomba Parulian alikuwa ubavuni mwake, alisikia yote.

Walisimama wote wawili mbele ya nguzo ile. Horas akamrukia baba kifuani.

"Shemeji," mjomba alisema kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza tangu afike sikusikia mzaha ndani yake. "Ukisema unamchukua, tumewapokonya zawadi mbele za watu. Ukisema ni zawadi, kama si leo ni kesho yumo sufuriani, na mtoto wetu ataanza ndoa kwa kilio. Tafuta njia nyingine, na uitafute upesi."

Baba alikuwa ameshika ukingo wa kizibao, akiusugua kwa kidole gumba.

"Hii ni suruali yangu," alisema.

"Ndiyo, Baba. Ilikuwa imechakaa."

"Nililimia hii. Kule chini ya mfereji, mpaka msimu wa mwisho."

Sikuwa nikijua. Nilidhani ni suruali tu nyuma ya mlango. Baba akamwomba Baba Togar, kwa unyenyekevu ambao mkwe wa cheo chake hawajibiki kuuonyesha, amfungulie kamba.

"Jambo la wakwe halisemewi jikoni," alisema. "Twende mkekani. Na wewe Baba Togar, njoo usikie."

Alisimama katikati ya watu, ameishika kamba mwenyewe. Ngoma zikanyamaza.

"Mliniuliza habari ya shamba," alianza, na mimi nikainamisha uso. "Niliwaambia nitasema leo. Shamba nililokuwa nalo nilimpa binti yangu mdogo akasome. Yupo pale, mnamwona. Sikulitupa, wala sijuti. Lakini shamba moja haliendi kwa mabinti wawili, na Saurma hakustahili kutoka kwangu mikono mitupu." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo leo, mbele yenu na mbele ya mjomba wake, namtolea Saurma pauseang yake. Ni huyu."

Kicheko kikaenea kutoka mkeka hadi mkeka. Msemaji wa upande wa bwana harusi alikuwa mzee aliyezoea kujibizana. Alipiga goti moja, macho yakimng'aa.

"Mkwe wetu, mashamba tunayoyajua yana mipaka. Hili mpaka wake uko wapi?"

"Mpaka wake ni pale sauti yake inapokomea."

"Vema. Na mavuno yake?"

Hapo baba alikwama. Nyuma ya watu Baba Togar akapaza sauti, "Mavuno yake ni wezi wa kuku! Huku kwetu hatukosi!" Kicheko kikarudi, na baba, ambaye sikuwa nimemwona akitabasamu tangu siku ya posa, alitabasamu.

"Mnaijua sheria ya shamba la binti kuliko mimi," aliendelea. "Mtalitunza, mtanufaika nalo. Haliuzwi wala haliliwi bila neno langu. Na neno hilo, jamaa zangu, msilisubiri."

Msemaji aliwageukia wazee wa ukoo wake, wakanong'onezana. Kisha akainua mikono yote miwili. "Shamba tumelipokea. Horas!"

Sina haja ya kueleza mbwa alifanya nini mkutano ulipoitika mara tatu. Msemaji aliangushwa kofia.

Alipotulizwa, Mjomba Parulian alisogea na kibakuli cha mchele. Huo ndio mchele ambao upande wetu huwawekea maharusi kichwani ili roho zao zishike nguvu, na alikuwa amekwisha kuwawekea. Alisimama juu ya Horas kama mtu anayepima kina cha mto.

"Shuka sikupi," alimwambia. "Mama yao amekataa, na mimi nakataa. Tusije tukazoeana." Akachota punje chache, akaziweka kati ya masikio yake. Horas akatikisa kichwa, punje zikaanguka, akazilamba moja moja.

"Ameanza kula mbegu," alisema mjomba. "Shamba gani hili."

Mafungu ya nyama yaligawiwa alasiri, kila upande ukiitwa kwa cheo chake. Mjomba alipata taya lake na akaliangalia kwa makini kama lina upungufu. Baba Togar alikuja mwisho, amebeba mfupa mnene juu ya jani la mgomba.

"Hilo la nani?" aliuliza mjomba. "Shamba halina fungu. Shamba halili nyama."

"La kwenu linakula," alisema Baba Togar.

Hata hivyo hakumwekea mbwa mfupa. Alichuchumaa mbele ya Saurma akasubiri, jani mikononi, mpaka dada yangu alipoitika kwa kichwa. Ndipo akauweka chini, na Horas akaukumbatia kwa miguu yake miwili ya mbele. Kisha Baba Togar akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa kifungo cheupe, akakifuta majivu.

"Kilidondoka jikoni, mwanangu. Nilikiweka nikijua mwenyewe atakuja."

Saurma alikipokea kwa mikono miwili, akakifumbata. Ngoma zilikuwa zimeanza tena, watu wakiitana huku na huku kufunga mafungu yao. Alimwegemea Jonggi begani, taji likainama kidogo, akafumba macho yote mawili.